Mlinda Mlango wa Khalifa: Matowashi, Jinsia na Mamlaka

Mwaka 1000, mjini Cairo, mjumbe alitumwa kwa mtu aliyekuwa akiendesha dola ya Fatimi, dola ya makhalifa wa Kishia. Mtu huyo aliitwa Barjawan. Alikuwa mtumwa, tena towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, na kwa zaidi ya miaka miwili hakuna jambo kubwa la serikali lililopita bila kwanza kupitia mkononi mwake. Khalifa mwenyewe, al-Hakim, alikuwa kijana ambaye hajatimiza hata miaka 15, na Barjawan ndiye aliyemlea. Waandishi wa tarikh wanasimulia kwamba towashi huyu alikuwa akimwita yule mtoto mjusi. Ujumbe wa siku ile, wanasema, ulikuwa mfupi: yule mjusi mdogo sasa amekuwa joka kubwa, naye anakuita.

Barjawan akaenda. Huko huko kwenye bustani ya kasri akachomwa kisu na Raydan, mbeba mwavuli wa khalifa.

Raydan naye alikuwa towashi.

Tukio hili limenikaa kichwani kwa majuma, kwa sababu linagongana na maelezo tuliyozoea kupewa. Tunaambiwa watawala waliwaamini matowashi kwa kuwa mtu asiyeweza kuzaa hana nasaba ya kuisimamisha, na asiye na nasaba hana tamaa ya kiti. Maelezo hayo yanaeleweka haraka mno, na hilo lenyewe lilipaswa kututia shaka. Kama Barjawan hakuwa tishio, kwa nini auawe? Na kama towashi kazi yake ni kulinda wanawake tu, alifikaje mahali pa kutawala Misri?

## Nani anaruhusiwa kupita

Tuanze na jengo, maana siasa ya makasri haya ilijengwa kwenye kuta zake. Kulikuwa na upande wa hadhara: ukumbi wa mapokezi, ofisi za makatibu, uwanja wa askari. Na kulikuwa na upande wa ndani, wanapoishi mama wa khalifa, wake, masuria, dada zake na watoto wote, wa kiume wakiwemo hadi wapate umri fulani. Waziri haingii ndani. Jemadari haingii. Kadhi haingii. Wanawake wakubwa wa ndani nao hawatoki kwenda kukaa na waziri.

Lakini mambo ya dola hayakukubali kukaa upande mmoja. Mama wa khalifa ana mashamba, ana hazina, ana mtu wake anayetaka apewe ugavana. Waziri anahitaji muhuri. Mtawala amelala ndani, na nje kuna habari za vita.

Mtu wa kupita kote kuwili ni towashi.

Kupita huko ndiko kulikokuwa na mamlaka. Anayebeba ujumbe anajua ulivyosemwa na sura ya aliyeusema. Anaweza kuuharakisha au kuuchelewesha hadi asubuhi. Anajua kama mtawala ni mgonjwa kabla waziri hajajua, na khalifa akifa usiku, yeye ni miongoni mwa wachache wa kwanza kujua nani atangazwe alfajiri. Jawdhar, towashi Msaqaliba, yaani mwenye asili ya Slavi huko Ulaya, aliyewatumikia makhalifa wanne wa kwanza wa Fatimi kule Afrika ya Kaskazini, alikabidhiwa siri ya jina la mrithi kwa miaka kabla halijatangazwa, naye akaitunza. Kwenye dola ambayo urithi ni wa kuteuliwa kwa siri, anayeijua siri hiyo ana uzito kuliko jeshi zima.

Kingine kinachosahaulika: matowashi hawakuwekwa kwa ajili ya wanawake peke yao. Katika ngome ya Cairo wakati wa Wamamluki, askari wa asili ya utumwa waliokuja kuitawala Misri, vijana waliokuwa wakifunzwa vita waliishi kwenye kambi zao chini ya usimamizi wa matowashi, na mkuu wa usimamizi wote huo alikuwa towashi. Kazi yao hasa ilikuwa kuwatenga wavulana wadogo na askari wakubwa. Kwa hiyo mpaka uliolindwa haukuwa ule wa mume na mke tu. Ulizunguka kila mwili uliohesabiwa kuwa unaweza kutamaniwa, na mvulana asiyeota ndevu alikuwamo.

## Je, alikuwa mwanamume?

Hapa mafakihi hawakukubaliana, na ubishi wao unafundisha kuliko mapambo ya kasri.

Aya ya 31 ya Sura An-Nur inawataja wanaume watumishi wasio na haja ya wanawake miongoni mwa wale ambao mwanamke anaweza kuwaonyesha mapambo yake. Towashi yumo humo au hayumo? Wapo waliosema yumo. Wengi wa madhehebu ya Hanafi walisema hapana: kilichokatwa ni kiungo, na mtu amebaki mwanamume, basi hukumu ya kutazama ni ile ile. Inasimuliwa kwamba khalifa Muawiya aliingia kwa mkewe akiwa na towashi, mke akajifunika, na alipoambiwa huyu si kitu, akauliza kama kumkata mtu viungo kunahalalisha alichokiharamisha Mungu.

Na kukatwa kwenyewe kulikuwa kwa namna mbili. *Khasi* ameondolewa korodani tu. *Majbub* ameondolewa vyote. Tofauti hiyo ilikuwa na matokeo mahakamani. Kwa Wahanafi, mwanamke aliyeolewa na majbub bila kujua anaweza kudai kutenganishwa papo hapo, maana hakuna cha kungojea. Aliyeolewa na khasi anaambiwa angoje mwaka mmoja kama mke wa mume asiye na nguvu, kwani khasi huenda akaweza. Maana yake ni kwamba sheria ilimtambua towashi kuwa mwanamume anayeweza kuoa na kuachwa, na Wahanafi waliukubali ushahidi wake.

Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra aliyefariki mwaka 868 au 869, aliandika kwa kirefu kuhusu miili na tabia zao, na hakukubali kwamba matamanio huondoka pamoja na korodani. Aliona pia mambo ambayo tiba ya leo inaweza kuyaeleza. Mtoto akihasiwa kabla ya kubalehe, sauti haivunjiki na ndevu hazioti. Ncha za mifupa mirefu hukawia kufunga, kwa hiyo mikono na miguu hurefuka kupita kiasi. Mafuta hukaa kifuani na nyongani, ngozi hukunjamana mapema, na mifupa hudhoofika kadiri umri unavyokwenda, hata mgongo ukapinda. Mtu mrefu wa namna hiyo, asiye na ndevu, mwenye sauti nyembamba na joho la thamani, alitambulika kutoka mbali. Asingeweza kujificha sokoni hata angetaka.

Baghdad, makao ya makhalifa wa Abbasi, ilikuwa na Mu'nis al-Khadim, mtumishi, yaani towashi. Ilikuwa pia na Mu'nis al-Fahl, Mu'nis dume. Watu waliwatenganisha majemadari wawili wa jina moja kwa kutaja nani amekatwa na nani hakukatwa.

Mwanahistoria al-Masudi anasimulia kisa kingine kuhusu khalifa al-Amin, aliyetawala kuanzia 809 hadi 813 na aliyewapenda matowashi wake waziwazi. Mama yake, Zubayda, alichagua wajakazi wenye maumbo mazuri akawavika kama wavulana: vilemba, makoti ya kubana, mishipi kiunoni. Mwana akavutiwa, na mtindo ukaenea mjini. Kwa hiyo kasri ile ile iliyokuwa ikiwakata wavulana ili mipaka ibaki safi, ndiyo iliyokuwa ikiwavisha wasichana kama wavulana ili kumvuta khalifa. Ukikisoma kisa hiki, huwezi tena kusema jinsia katika makasri haya ilikuwa jambo la kuzaliwa nalo na kumaliza.

## Mtoto kwenye kiti

Rudi sasa kwa Barjawan, utazame umri wa al-Hakim. Alirithi kiti mwaka 996 akiwa na miaka 11.

Mwaka 908 Baghdad walimtawaza al-Muqtadir akiwa na miaka 13. Miezi michache baadaye kundi la makatibu na majemadari likamwondoa na kumweka Ibn al-Mu'tazz, mtu mzima, mshairi mwenye jina. Utawala wake haukupita siku moja. Mu'nis al-Khadim na watu wa kasri walikataa kutoka, wakafunga milango, kisha wakapanda mashua kwenye mto Tigris kuelekea nyumba waliyokutana waasi, na wafuasi wa khalifa mpya wakatawanyika.

Kwa nini watu wa ndani walimpigania mtoto? Kwa sababu khalifa mtu mzima hana haja ya mlezi. Khalifa mtoto anakaa ndani, kwa mama yake. Mama huyo, Shaghab, aliyeitwa as-Sayyida, Bibi Mkubwa, alikuwa suria wa zamani, na kwa miaka mingi mawaziri walipanda na kushuka kwa neno lake. Hakuweza kutoka kwenda ofisini, basi ofisi ikasogea kwake kwa mikono ya matowashi na wasimamizi wake wa kike walioitwa *qahramana*. Mmoja wao, Thumal, mwaka 918 alikalishwa kusikiliza mashtaka ya wananchi kwenye baraza la *mazalim*. Siku ya kwanza watu walisita. Baadaye akaja na kadhi, hati zikatoka na saini yake, na kazi ikaendelea.

Nguvu ya mama na nguvu ya towashi zilikuwa zikipanda pamoja. Ukitaka kumwelewa Mu'nis, mtafute Shaghab.

Mu'nis aliokoa Misri mara mbili kutoka kwa majeshi ya Fatimi na akapewa lakabu ya al-Muzaffar, Mshindi. Mwaka 929 al-Muqtadir alipopinduliwa tena kwa siku chache, Mu'nis alikuwa miongoni mwa waliomfikisha hapo, na ni yeye pia aliyemhifadhi na kumrudisha. Mwaka 932 wakafarakana kabisa, na khalifa akauawa nje ya Baghdad akipigana na jeshi la mlinzi wake wa zamani. Mwaka uliofuata khalifa mpya, al-Qahir, ambaye Mu'nis alisaidia kumtawaza, alimuua Mu'nis. Shaghab naye akateswa ili aonyeshe mali yake, akafa.

Basi ule msemo wa kwamba towashi hana tamaa ya dola unaanguka hapa. Kitu ambacho hakuwa nacho ni njia ya kuirithisha, na hilo ni jambo lingine kabisa. Angeweza kumwondoa khalifa, lakini ilimbidi amweke mwingine wa nasaba ile ile, na huyo mwingine akikomaa au akijiona imara, hesabu ya kwanza anayoilipa ni ya aliyemweka.

## Kafur

Yupo mmoja aliyekaribia kuvunja kanuni hiyo.

Muhammad ibn Tughj, al-Ikhshid, mtawala wa Misri, alimnunua mtumwa mweusi kwa bei inayosimuliwa kuwa dinari 18 tu. Jina lake Kafur. Ilikuwa desturi kuwaita matowashi kwa manukato na vito: Kafur, Anbar, Misk, Rayhan, Lu'lu', Yaqut. Pwani yetu nayo iliwaita watumwa Feruzi na Almasi, kwa hiyo sikio la Mswahili halishangai.

Al-Ikhshid alipofariki mwaka 946 aliacha wana wadogo. Kafur, aliyekuwa mlezi wao na jemadari tayari, akashika usukani. Alipambana na Sayf al-Dawla wa Aleppo juu ya Shamu kisha akasuluhu naye, akabaki na Damascus. Mwana wa kwanza, Unujur, alikua akiwa mtawala wa jina tu, maana amri zilitoka kwa Kafur. Akafa karibu mwaka 961 bila kupata madaraka yake. Wa pili, Ali, akafa mwaka 966 vivyo hivyo. Baada ya hapo Kafur hakumtafuta mtoto mwingine. Akatawala kwa jina lake mwenyewe, akatajwa kwenye hotuba ya Ijumaa, na lakabu aliyoitumia haikuwa ya kifalme. Aliitwa al-Ustadh.

Hiyo ni miaka 22 ya kushika Misri katikati ya mashambulizi ya Wanubi kusini, Wakarmati, waasi wa Kishia, huko Shamu, na Fatimi magharibi, na mwishoni maji ya Nile yaliyopungua mwaka hadi mwaka yakaleta njaa. Inasimuliwa kwamba watu wa Fatimi walisema kati yao na Misri kuna jiwe jeusi, na likiondoka, nchi ni yao. Kafur alifariki Aprili 968. Watu wa kasri wakamweka mtoto wa miaka 11, askari hawakulipwa, makundi yakagombana, na Julai 969 jemadari Jawhar akaingia Fustat, mji mkuu wa Misri wakati huo, kwa niaba ya Fatimi.

Dunia inamkumbuka Kafur kwa mashairi ya kumtukana, na hili linaniudhi kwa dhati. Mshairi al-Mutanabbi alikuja Misri mwaka 957 akitaka apewe ugavana. Akamsifu Kafur kwa kuniya ya Abu al-Misk, baba wa miski, na sifa hizo ni miongoni mwa nzuri alizowahi kutunga. Ugavana hakuupata. Mwaka 962, siku ya kuamkia Idi ya kuchinja, akatoroka akiacha kejeli ambazo wanafunzi wa Kiarabu wanazikariri hadi leo. Humo anampiga Kafur kwa mambo matatu kwa pigo moja: weusi, utumwa, na kuhasiwa. Ustadi wake wa lugha haubishaniwi. Lakini kejeli ya mtu aliyenyimwa kazi imegeuzwa kuwa wasifu wa mtawala, na miaka 22 ya kodi, jeshi na mikataba imebaki tanbihi.

Zingatia pia ile kuniya. Mwanamume Mwarabu huitwa baba wa mwanawe. Kafur hakuwa na mwana, akapewa ubaba wa harufu nzuri. Wengine walijitafutia njia nyingine. Malik Sarwar, towashi wa Delhi aliyeanzisha usultani wa Jaunpur mwaka 1394, alimwachia kiti mtoto wa kupanga, na nasaba hiyo ikatawala kwa miongo kadhaa. Huko Bengal mwaka 1487 towashi wa Kihabeshi alimuua sultani akakalia kiti mwenyewe. Akauawa katika mwaka huo huo.

## Walikotoka

Uislamu unakataza kuhasi binadamu. Hadithi ya Uthman ibn Maz'un, aliyekataliwa na Mtume kuacha kuoa, inajulikana, na Sahaba wakasema kwamba angeruhusiwa wangejihasi. Makasri yakapata mwanya: kazi ifanyike nje ya mipaka au kwa mkono wa asiye Mwislamu, halafu mtumwa anunuliwe akiwa tayari amekatwa. Al-Muqaddasi, mwanajiografia wa karne ya 10, anaeleza kwamba Wasaqaliba walipelekwa Andalusi, karibu na Pechina, wakakatwa huko. Aliwauliza wenyewe. Wakamwambia kwamba baada ya kukatwa, kijiti cha risasi huingizwa kwenye njia ya mkojo, hutolewa wakati wa haja na kurudishwa, mpaka kidonda kipone. Bila hivyo nyama huota na kuziba njia, mkojo hukosa pa kutokea, na mtu hufa.

Upande wetu wa dunia ulikuwa na mahali pake. Al-Umari, katibu wa Cairo aliyefariki mwaka 1349, anaandika juu ya mji wa Washlu huko Uhabeshi. Watoto walikatwa Washlu, kisha wakasafirishwa hadi Hadya kwa sababu watu wa Hadya ndio waliojua kutibu. Wakifika, wembe hupitishwa mara ya pili ili kufungua njia ya mkojo iliyozibwa na usaha. Hapo ndipo wanauguzwa. Anasema wazi kwamba wanaokufa ni wengi kuliko wanaopona.

Miaka hiyo hiyo, mwaka 1326, Ibn Battuta alikuwa Madina. Aliwaona watumishi wa Msikiti wa Mtume, matowashi wa Kihabeshi na wengineo, wenye sura nzuri na mavazi safi, chini ya mkuu aliyeheshimiwa kama amiri. Utumishi huo ulikuwa umeanzishwa karne ya 12, na ulidumu hadi karne ya 20. Waliokuwa kwenye kaburi tukufu walibusiwa mikono na mahujaji, wakapewa wakfu kutoka Misri na kwingineko. Unguja nayo ilikuwa nao: Sayyida Salme, bintiye Sayyid Said, anawataja matowashi wa nyumba za baba yake katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886.

Nimesoma maelezo ya Madina na ya Washlu yakiwa bega kwa bega, na sijaweza tena kuyatenganisha. Kila towashi aliyesimama mlangoni kwa joho la hariri ni mmoja wa wachache waliovuka Hadya, na waliomnunua waliweza kujua hivyo.

Wapo waliosema. Al-Marghinani, fakihi wa Kihanafi aliyefariki mwaka 1197, alihukumu kwamba kuwatumia matowashi ni makuruhu, akatoa sababu bila kuzunguka: mahitaji ya watu kuwa nao ndiyo yanayowachochea wengine kuwakata. Yaani alikana kwamba mnunuzi hana mkono katika kisu. Masultani waliosomeshwa fiqhi hiyo hiyo waliendelea kununua. Na mfalme wa Kikristo wa Uhabeshi, kwa maelezo ya al-Umari, alikuwa amekataza jambo hilo vikali katika nchi yake. Watu wa Washlu hawakumsikiliza, kwa kuwa aliyekatwa akapona aliuzwa ghali kuliko mwenzake mzima, na soko lilikuwa ng'ambo ya bahari likimngoja.